Kabla Hujatoa Fedha ya Tumbaku Ukapimwe Ubongo

Mdogo wangu wa Ulyankulu, barua yako nimeisoma yote. Palizi unaiacha nusu, mikutano ya chama cha msingi inakupita, na mumeo amechoka kukukumbusha. Sasa umeambiwa ni ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia, na kwamba ukipimwa ubongo Dar es Salaam utapata jibu. Subiri kwanza.

Vipimo hivyo vipo kweli. Utatajiwa tarakimu uzirudie kinyumenyume, utabonyeza kitufe kila herufi fulani ikitokea. Lakini watu wazima wengi wenye ADHD huvifanya vizuri tu, maana chumba ni kimya na mtaalamu yuko mbele yao. Na asiye nayo huweza kuvurunda kwa sababu ya sonona, wasiwasi au kukosa usingizi. Wewe mwenyewe umesema msimu wa kukausha unakesha banini ukichochea moto! Tena vingi viliwekewa viwango kwa watu wa Ulaya na Marekani waliokaa shule miaka mingi. Kumlinganisha nao aliyeishia darasa la saba si haki.

Jibu la ADHD hutoka kwenye maongezi marefu na daktari. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 unataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5 za kukosa umakini, au 5 za kutotulia, kadhaa zikiwa zimeanza kabla ya miaka 12 na kuonekana nyumbani na kwingineko. Kwa hiyo shahidi wako ni mama. Ulizia huduma ya afya ya akili Hospitali ya Kitete, Tabora mjini, uende naye pamoja na ripoti zako za shule. Ikiwa yeye, kama wengi waliotoka Burundi 1972, anajieleza vizuri zaidi kwa Kirundi, mchukue ndugu wa kutafsiri.

Kilichonigusa zaidi umekitaja kwa mstari mmoja tu: degedege la utotoni, ukapoteza fahamu. Huenda ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya aina hiyo. Miaka 2 baadaye, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, hasa kwenye umakini. Mweleze daktari hilo kabla hujataja ADHD. Hapo ndipo vipimo vina kazi, kwani vinaonyesha kilichopungua ni kumbukumbu, wepesi wa kufikiri au umakini, na kipi kiko imara cha kuegemea. Akikuandikia, nenda msimu wa kukausha ukiisha, ukiwa umelala vya kutosha, na uombe upimwe kwa Kiswahili.