SOMO: MIPANGO YA ARDHI NA MAJI YASIYOJUA MPAKA



Wanachama wa Myamba hulima tangawizi mlimani. Chini yao, katika tambarare ya Ndungu, ndugu zao hulima mpunga katika skimu iliyokamilika mwaka 1990 kwa msaada wa Japani, nayo hunyweshwa na mto Yongoma uteremkao kutoka milima hiyo hiyo ya Upare. Tangawizi huvunwa kwa kufukua. Udongo uliofukuliwa katika mteremko usio na makingamaji, mvua ya kwanza huuchukua. Mkulima wa juu na wa chini huenda hawajapata kuketi katika kikao kimoja, walakini jembe la mmoja hugusa mfereji wa mwingine.

Hii ndiyo sababu ya kujifunza mipango ya ardhi inayovuka mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaziruhusu Halmashauri za vijiji viwili au zaidi kufanya mapatano ya pamoja kuhusu ardhi wanayoitumia kwa kushirikiana, na Mikutano ya Vijiji hushirikishwa. Nayo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaitambua Halmashauri ya Kijiji kuwa mamlaka ya kupanga. Basi uwezo upo kijijini. Kinachopungua mara nyingi ni vipimo: maji kiasi gani, yanatoka wapi, yanapotelea wapi. Hapo ndipo vyuo vikuu huingia.

Mfano mzuri uko wilayani mwetu Same, katika bonde la Makanya. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Delft, Uholanzi, na wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walipima mito na kuzichunguza ndiva, yaani yale mabwawa madogo ya wazee wetu yanayokusanya maji ili yafunguliwe kwa zamu. Walikuta kwamba kati ya Vudee iliyo juu na Bangalala iliyo chini yake kulikuwa na mapatano ya zamani: wa juu hutumia maji mchana, ya usiku huachwa yateremke. Majirani hawa walijuana, wakaoana, wakazikana; zamu ikaheshimiwa. Lakini kadiri umbali ulivyozidi, mapatano yalidhoofu, na huko Makanya kwenyewe, mwisho wa bonde, wakulima walitegemea mafuriko. Mtu humwonea haya jirani anayemfahamu. Wa mbali hana wa kumwonea haya.

Jirani wa mbali kuliko wote ni yule wa ng'ambo ya mpaka wa nchi. Hifadhi ya Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Ziwa Jipe limegawanyika kati ya nchi mbili. Mto Umba huanzia Usambara na kumwaga maji yake baharini upande wa Kenya. Mwaka 2013 serikali hizi mbili zilitia sahihi hati ya kushirikiana juu ya maziwa Chala na Jipe na mto Umba. Ni jambo jema, ila hati ya namna hiyo haimfikii mwenye jembe mpaka Halmashauri za wilaya na vijiji wawe na ramani moja mezani.

Sasa niseme nililoliona. Katika ukaguzi wa chama kimoja cha milimani, nilisoma katika kitabu cha mihutasari kwamba wageni wa chuo walipokewa, wakaonyeshwa mifereji. Nikauliza ripoti iko wapi. Katibu akafungua kabati, akalifunga. Wanachama walikuwa wametoa siku sita za kuwatembeza wageni, wasibakiwe na hata ramani moja. Wageni hawakuiba kitu, chama hakikudai.

Kwa hiyo Bodi ya chama, kabla ya kutoa kiongozi wa njia, iandike azimio na kuwapa wageni walitie sahihi mbele ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji: ramani na matokeo yarudishwe kwa Kiswahili, katika muda uliotajwa, na yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Nakala ziwe tatu. Moja ya chama, moja ya Halmashauri ya Kijiji. Ya tatu ni ya kijiji cha chini yenu, nayo ndiyo inayosahauliwa.