Ndigana kali na darasa la seli: maswali ya wanaotaka kusoma sayansi za uhai chuo kikuu

Majibu ya mhadhiri wa baiolojia ya seli kwa wanafunzi na wazazi

Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB. Udaktari nimeukosa, na nyumbani wananiambia nichukue baiolojia ya molekuli kuliko kukaa bure. Hii ni kozi ya waliokosa?

Wapo wanaoingia kwa mlango huo, sikufichi, na baadhi yao huumaliza mwaka wa kwanza wakisubiri nafasi ya kuhama. Ila kazi zenyewe ni mbili tofauti. Daktari anamhudumia mgonjwa aliye mbele yake leo. Mtu wa seli anauliza kwa nini dawa iliyoua vimelea mwaka juzi haiviui tena, kisha anakaa na swali hilo miezi, pengine miaka. Kama swali la namna hiyo halikunyimi usingizi hata kidogo, tafuta fani nyingine mapema kabla ada haijalipwa.

Baiolojia napata A, kemia inanitesa. Nitaweza?

Utaweza ukikubali kufanya urafiki na kemia, maana hutaikwepa. Baiolojia ya sekondari kwa sehemu kubwa ni majina ya viungo na kazi zake. Ya chuo inauliza molekuli gani inashikana na ipi, na kwa nini. Chukua selimundu. Mnyororo wa beta wa himoglobini una amino asidi 146; ya sita ikibadilika kutoka asidi ya glutamiki kuwa valini, ugonjwa umepata pa kuanzia. Glutamiki ina chaji na inapatana na maji, valini inayakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hizo hutafuta pa kujificha kwenye himoglobini za jirani, zinashikamana nyuzi nyuzi, na seli nyekundu inapinda. Bila kemia utabaki kusema tu kwamba seli imepinda.

Na hesabu nayo usiidharau. Makosa mengi ninayoyaona maabara ni ya kuzimua: mwanafunzi ameambiwa aizimue dawa mara kumi, ameizimua mara mia, halafu anashangaa bakteria hawafi.

Tunafundishwa seli ya mnyama kama mchoro wa kitabuni. Kuna mfano wa kwetu unaoonyesha seli ikifanya kazi?

Upo, na ndio niupendao kuliko yote: ndigana kali. Waliokulia kwenye boma la ng'ombe wanaujua ugonjwa huu kabla ya kuiona hadubini. Kupe kahawia wa masikio anauma, tezi zinavimba, homa inapanda, ng'ombe anahema kwa shida, na asipotibiwa mara nyingi anakufa ndani ya wiki chache.

Sasa tuingie ndani. Kimelea chake, Theileria parva, kinavamia limfosaiti, yaani seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumlinda ng'ombe. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya seli nyekundu, huzaliana, kisha huipasua. Hiki kina ujanja mwingine. Kikishaingia kinauyeyusha utando wa seli uliokifunika, kinabaki huru katikati ya saitoplazimu, halafu kinaichochea seli igawanyike, na ikigawanyika igawanyike tena, kama seli ya saratani. Huwa nasimamisha darasa hapa na kuuliza: seli moja ikiwa mbili, kimelea kinakwenda na ipi?

Wengi husema moja wapo, kwa bahati. Jibu ni kwamba kinakwenda na zote mbili. Kinajishikiza kwenye nyuzi zilezile ambazo seli hutumia kuvuta kromosomu zake pande mbili, nacho kinagawanywa pamoja nazo. Ni abiria aliyepanda bila kulipa nauli, na dereva hajui.

Linalonishangaza zaidi ni hili. Ukiweka dawa ya buparvakwoni kwenye seli hizo, kimelea kinakufa na seli inaacha kugawanyika ovyo. Saratani tulizozoea hutokana na jeni zilizobadilika, na kubadilika huko hakurudi nyuma. Hapa seli inarudia hali yake, kwa sababu amri ilikuwa ikitoka kwa mgeni. Ndiyo maana hata watafiti wa saratani wasiowahi kufuga ng'ombe wanakifuatilia kimelea hiki.

Elimu hiyo haikuishia maabara. Huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970 ilitengenezwa chanjo ambayo wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaitumia hadi leo: ng'ombe anachomwa vimelea hai vilivyotolewa kwa kupe waliosagwa, na wakati huohuo anachomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Ugonjwa unaanza, dawa inaubana, kinga inajifunza. Ubaya wake ni kwamba vimelea hivyo lazima vitunzwe ndani ya nitrojeni kimiminika, na kuifikisha mitungi hiyo kwenye boma la mbali si mchezo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asisumbuke sana: mada ndiyo hiyo.

Nakariri usiku kucha, nikifika kwenye mtihani nachanganya. Nisomeje?

Kila sentensi ya kitabu iulize: walijuaje? Leo kila mtoto wa sekondari anajua binadamu ana kromosomu 46. Lakini tangu miaka ya 1920 wanasayansi waliandika 48, wakaaminiana. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakiwa Lund nchini Sweden, walichapisha hesabu ya 46. Hawakuwa na macho makali kuliko wenzao. Walikuwa na mbinu bora: seli zilivimbishwa kwa kimiminika chenye chumvi pungufu ili kromosomu zitawanyike, na kolchisini ikausimamisha mgawanyiko mahali ambapo zinahesabika. Ukiijua habari hiyo, hutaisahau 46, na umejifunza mitosisi bila kukariri.

Halafu chora bila kutazama kitabu. Mweleze mwenzako kwa Kiswahili mpaka aelewe, ndipo uandike kwa Kiingereza cha mtihani.

Hadubini chache, wanafunzi wengi. Tufanyeje?

Nenda mbele. Ninawaona wanaobaki nyuma wakinakili matokeo ya jirani. Hao hufika mwaka wa tatu hawajawahi kushika pipeti. Utando wa kitunguu na tone la iodini vinatosha kwa mazoezi mengi. Na mpangilio wa DNA wa maelfu ya viumbe uko bure kwenye GenBank, hazina ya data iliyoanzishwa 1982. Unahitaji intaneti na uvumilivu.

Mimi ni mzazi. Mwalimu, niambie ukweli: binti yangu atapata kazi?

Mzazi mwenzangu, shahada hii haina ajira inayomsubiri mlangoni, na haimpi kibali cha kupima wagonjwa hospitalini. Kazi hiyo ni ya waliosomea sayansi ya maabara za afya na kusajiliwa na baraza lao. Kama ndiyo anayoitaka, aisomee hiyo. Wanaotoka kwetu hutazama taasisi za utafiti kama Ifakara, vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), ambako Mikocheni wanahangaika na batobato ya muhogo, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, viwanda vya vyakula na dawa. Wengine huenda Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ambayo hufundisha uzamili na uzamivu.

Nafasi nyingi hupatikana kupitia mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu. Mwambie barua za maombi azipeleke mapema, mwaka wa kwanza ungali katikati, na azipeleke kwenye maabara inayofanya anachokipenda, hata kama iko mbali na nyumbani. Wewe mzazi utalipa nauli na chumba cha wiki nane. Ndiyo sehemu ya ada ambayo haimo kwenye fomu ya chuo.