Mito Miwili ya Turkana: Safari Fupi Kutoka Kakuma Mpaka Ziwani

Watu wengi huijua nchi ya Turkana, iliyo kaskazini-magharibi ya Kenya, kuwa nchi ya jua kali, mawe na ukame. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Iko mito huko, na kando ya mito iko misitu, vijiji na mashamba ya mtama. Tena mto mmoja umejenga delta. Katika somo hili msomaji atafuata safari fupi inayoanza Kakuma, ikapita Lodwar, ikaishia kwenye Ziwa Turkana. Jambo la kujifunza ni hili: mgeni asiuhukumu mto kwa siku moja aliyouona, wala asidhani kuwa kivuli cha mti wa mtoni hakina mwenyewe.

MTO WA MCHANGA

Mji wa Kakuma uko kando ya Mto Tarach. Mgeni afikapo huko wakati wa kiangazi haoni maji hata tone. Huona njia pana ya mchanga, na mbuzi wakipita katikati yake. Mito ya namna hii huitwa laga. Lakini akitazama vizuri, atawaona wanawake na wasichana wakichimba visima katika mchanga huo na kuteka maji. Mchanga ni kama kifuniko cha mtungi: huyahifadhi maji yasikaushwe upesi na jua.

Mvua inyeshapo katika nchi ya juu, maji hushuka ghafula kwa kishindo, na pengine mbingu za Kakuma zi safi kabisa. Kwa hiyo si busara kulala wala kusimamisha gari katika laga. Gharika za Tarach zimebomoa nyumba za wenyeji, na za wakimbizi pia, ambao kambi yao ilianzishwa hapo mwaka 1992. Baada ya kupita Kakuma, Tarach huelekea kaskazini, ukatawanyika katika uwanda wa Lotikipi. Haufiki ziwani.

MTO UNAOFIKA ZIWANI

Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, nao uko kando ya Mto Turkwel. Mto huu hutoka Mlima Elgon, ambako huitwa Suam. Hupita katika korongo kubwa, ukashuka katika nchi kavu, ukapita Lodwar na kuelekea mashariki mpaka ziwani.

Kando yake iko migunga mikubwa, ambayo Waturkana wenyewe huiita ewoi, na mikoma pia. Mkoma hutoa matunda ya kuliwa, na majani yake husukwa vikapu na mikeka. Mgunga hudondosha maganda yenye mbegu, nayo ni chakula cha mbuzi wakati ambapo majani yote ya nyikani yamekwisha.

Kwa sababu hiyo miti hiyo ina wenyewe. Jamaa moja huwa na sehemu yake ya ukingo wa mto, iitwayo ekwar, nayo hurithiwa na watoto. Katika mwezi wa shida, mtu mwingine hawezi kuleta mbuzi wake chini ya miti hiyo bila ruhusa. Hakuna ua wala hati, lakini mpaka unajulikana na wazee huamua ugomvi. Mgeni akatapo tawi la kuchomea nyama, huenda amekata akiba ya mtu ya mwaka wa njaa. Huko Kakuma nako wenyeji na wakimbizi wamegombana juu ya kuni. Wote wana haja ya kupika, na miti ni michache.

FAIDA YA MAFURIKO

Mafuriko huharibu, lakini pia hujenga. Maji yapandapo juu ya ukingo hulowesha ardhi, huacha udongo mpya wenye rutuba, na mbegu za migunga huota. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka 1991 ili kutoa umeme. Tangu hapo maji ya mto yamezuiliwa na kufunguliwa kwa kadiri ya kazi ya bwawa, na mafuriko makubwa yamepungua. Umeme ni faida kwa nchi nzima. Lakini mwenye ekwar huuliza miti michanga itaota wapi. Swali hilo si la kupuuzwa.

DELTA NI NINI?

Mto uendao kasi huchukua tope na mchanga. Ufikapo ziwani, mwendo wake hupungua, nao huutua mzigo wake. Mzigo huo ukizidi, mto hugawanyika kuwa vijito vingi, na nchi mpya hutokea, yenye matete na ndege wa majini. Hiyo ndiyo delta. Delta ya Turkwel iko ng'ambo ya magharibi ya ziwa, si mbali na chemchemi za Eliye. Iliyo kubwa zaidi ni ile ya Mto Omo, utokao Ethiopia, ambao huleta zaidi ya sehemu nane katika kila kumi za maji yaingiayo ziwani.

Ziwa hili, lililoitwa Rudolf mpaka mwaka 1975, halina mto unaotoka. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua, na kwa hiyo yana magadi. Hata hivyo lina sangara na perege, na wavuvi hupata riziki yao humo. Mamba pia wamo. Mgeni asioge bila kuwauliza wenyeji.

Afikapo kijijini, na aseme kwanza “Ejoka”, ndiyo salamu ya Kiturkana. Kisha amwulize mzee wa mahali ni wapi anaruhusiwa kupumzika. Akifanya hivyo atapewa kivuli, na pengine habari za mto ambazo ramani haizionyeshi.

MASWALI

1. Kwa nini Mto Tarach hauna delta ziwani?
2. Ekwar ni nini, nayo ina faida gani wakati wa ukame?
3. Taja hasara moja na faida mbili za mafuriko.