Picha Zibaki Muyinga

*Ndugu Mshauri, tajiri wangu ana maghala mawili ya vyakula, moja Gitega na jingine Muyinga. Kila ghala lina kamera 16 na mashine yake ya kurekodi. Sasa anataka akiwa Gitega aone kote, na kazi ya kuweka hifadhidata moja ya kati amenipa mimi. Fundi mmoja ametushauri tununue diski kubwa, video zote za Muyinga ziwe zinakuja Gitega. Intaneti ya Muyinga hukatika mara kwa mara. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, usimfuate huyo fundi kabla hujapiga hesabu. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 22 kwa siku. Kamera 16 ni gigabaiti 346 kila siku, na mwezi mzima unapita terabaiti 10. Mzigo huo wote upite kwenye laini moja kutoka Muyinga, usiku na mchana! Laini ikikatika saa mbili, saa hizo mbili hazina ushahidi, na huenda ndizo tajiri atakazokuja kukuuliza.

Fundi amechanganya vitu viwili. Katika programu za kusimamia kamera, hifadhidata kwa kawaida haitunzi video. Inatunza majina ya watumiaji na ruhusa zao, orodha ya kamera na mipangilio yake, na matukio: nani aliingia, kamera ipi ilizimika, saa ngapi. Video hukaa kwenye diski za seva ya kurekodi. Basi hifadhidata iwe Gitega, na kurekodi kwa Muyinga kubaki Muyinga. Tajiri akitaka kuona, aletewe kamera aliyoichagua tu.

Kabla tajiri hajalipia programu, muuzaji afanye jaribio mbele yako, na kwa mashine mlizonazo. Chomoa waya wa intaneti wa Muyinga, subiri nusu saa, urudishe. Rekodi ya nusu saa hiyo isipoonekana yote, programu hiyo haiwafai.

Nyingi kati ya programu hizi, Milestone XProtect ikiwamo, huendesha hifadhidata kwa SQL Server ya Microsoft. Toleo la bure, Express, litawatosha, ila hadi toleo la 2022 kila hifadhidata ina kikomo cha gigabaiti 10. Kinachoijaza ni matukio. Kamera inayotazama mti unaotikiswa na upepo huandika mwendo kutwa nzima, kwa hiyo punguza eneo inalochunguza, na uweke siku za kumbukumbu kufutwa.

Ninalokusihi zaidi ni saa. Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, na ng'ambo, Tanzania, saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja. Mashine iliyopangwa upande ule inaweza kubaki na saa ya kule. Utatafuta tukio la saa nne usiku, utaletewa la saa tatu, na mlinzi asiye na hatia atasimamishwa kazi. Mashine zote zichukue saa kutoka seva ya Gitega, nawe kagua kila moja kwamba imewekwa kwenye saa za Burundi.

Umeme wa shirika la Regideso ukikatika wakati hifadhidata inaandika, faili linaweza kuharibika. Seva iwe na betri ya akiba inayoizima kwa utaratibu. Nakala ya hifadhidata ichukuliwe kila usiku na kupelekwa Muyinga, maana bila nakala utaanza kuingiza kamera 32 moja moja na kugawa ruhusa upya. Mara kwa mara irudishe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka.

Unganisha maghala kwa VPN, wala usiiache hifadhidata wazi kwenye intaneti. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Msimamizi wa Muyinga aone kamera zake bila uwezo wa kufuta. Na wafanyakazi waambiwe kamera zilipo, isiwekwe hata moja wanapobadilishia nguo, hata kama tajiri ataitaka.