Si Kila Kinachonukia ni Twiib: Maneno ya Harufu katika Qur'an, Hadithi na Lugha Yetu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, katika darsa za fiqhi kuna maswali ambayo hayaishi kurudi. Anayejiandaa kwenda Umra huuliza kama anaweza kula chungwa akiwa katika ihramu, kwa kuwa chungwa lina harufu nzuri. Mwenye shangazi aliyefiwa na mume huuliza kama mjane aliye edani anaruhusiwa kunywa chai ya mdalasini. Ikifika Ramadhani, mwingine huuliza kama saumu yake imeharibika kwa kupita mbele ya duka la manukato.

Maswali haya yanaonekana mbalimbali, lakini mzizi wake ni mmoja. Maneno mengi ya Kiarabu tumeyafasiri kwa neno moja tu la Kiswahili, "harufu", kisha hukumu ya neno moja tukaibebesha jingine. Makala hii inajaribu kuyatenganisha maneno hayo, inshaallah.

Tuanze na lugha yetu

Kiswahili chenyewe kinatofautisha. Ukimwambia ndugu yako "unanukia" umemsifu. Ukimwambia "unanuka" umemvunjia heshima. Tofauti ni irabu moja tu, lakini maana zimepishana kama mbingu na ardhi. "Harufu" limekaa katikati: huwa nzuri au mbaya kutegemea kinachofuata, ingawa likiachwa peke yake mara nyingi huelekea ubaya. Mtu akisema "nyama hii ina harufu", hakuna atakayeuliza harufu gani.

Upande wa ubaya tuna uvundo, shombo ya samaki na kikwapa. Upande wa uzuri tuna manukato, ambalo ni jina la jumla, kisha majina ya aina. Marashi ni maji ya kunyunyiza, na neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza. Ndiyo maana chombo chake kinaitwa mrashi. Atiri ni mafuta ya kupaka. Udi na ubani ni vya kufukiza kwenye chetezo. Ubani umesafiri mbali zaidi, kwani Tanzania "kutoa ubani" ni kuwachangia pesa wafiwa. Kwa hiyo sisi tuliolelewa na Kiswahili, iwe Buyenzi, Nyamirambo au Goma, tusione ajabu kwamba Kiarabu nacho kina maneno mengi, na kila moja lina mahali pake.

Riih: harufu isiyo na upande

Neno la kwanza ni *riih*. Asili yake ni upepo, na harufu imeitwa hivyo kwa sababu upepo ndio unaoichukua. Katika Suratu Yusuf aya ya 94, msafara ulipoondoka Misri, Nabii Ya'qub (A.S.) alisema kuwa anaipata *riih* ya Yusuf. Wakati huo hakuna manukato yaliyotajwa. Kilichotajwa ni kanzu ya mtoto aliyepotea kwa miaka mingi, na baba aliyeijua harufu ya mwanawe. Katika Suratul-Anfal aya ya 46 neno hilo hilo limekuja kwa maana ya nguvu: Waislamu wanakatazwa kuzozana wasije wakavunjika moyo na *riih* yao ikaondoka.

Likiwa na maana ya harufu, *riih* halina upande. Katika Hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, rafiki mwema amefananishwa na mbeba miski na rafiki mbaya na mfua chuma anayevuvia moto. Kwa wa kwanza unapata *riih* nzuri na kwa wa pili *riih* mbaya. Neno ni moja, na sifa iliyofuata ndiyo iliyoamua. Hili ndilo neno ambalo "harufu" yetu inalifaa vizuri.

Abu Musa amepokea pia mfano wa wasomaji wa Qur'an. Muumini anayeisoma ni kama tunda la utruji, jamii ya limau, lenye ladha nzuri na *riih* nzuri. Asiyeisoma ni kama tende, tamu lakini haina harufu. Mnafiki anayeisoma ni kama raihani, harufu nzuri na ladha chungu. Angalieni kwamba harufu hapa ni kile kinachowafikia wengine, na ladha ni kile kilichomo ndani. Mnafiki naye anaweza kunukia.

Twiib: neno lenye hukumu

Neno la pili ni *twiib*, na hapa ndipo fiqhi inaposimama. Linatoka mzizi mmoja na *twayyib*, yaani kilicho kizuri, safi na halali. Chakula tulichoamrishwa kula katika Suratul-Baqara aya ya 168 ni cha halali na *twayyib*. Udongo wa kutayamamia nao umeitwa *twayyib*, ingawa haunukii. Twiib basi ni kitu ambacho mtu anakitumia kwa makusudi ili anukie. Harufu hutokea yenyewe, lakini twiib hutiwa.

Turudi kwenye ihramu. Katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyehirimia kuvaa nguo iliyoguswa na zaafarani au warsi, mmea wa rangi ya manjano wenye harufu. Bibi Aisha (R.A.) naye ameeleza kuwa alikuwa akimpaka Mtume (S.A.W.) twiib kabla hajahirimia. Kinachokatazwa ni kujitia twiib baada ya kuingia ihramu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wameweka kipimo: twiib ni kile ambacho kusudio lake kubwa ni harufu yake, kama miski, udi, ambari, waridi na zaafarani. Kile ambacho kusudio lake kubwa ni kuliwa au kuwa dawa si twiib hata kikinukia, na wametaja matunda kama tufaha na utruji, na viungo kama mdalasini na karafuu. Kwa kipimo hicho, mwenye ihramu atakula chungwa lake kwa amani.

Mjane aliye edani, miezi 4 na siku 10 kama ilivyo katika Suratul-Baqara aya ya 234, naye amekatazwa kugusa twiib. Katika Hadithi ya Ummu Atiyya (R.A.) ameruhusiwa kutumia kidogo katika qusti au adhfari anapotwaharika na hedhi, ili kuondoa harufu ya damu. Ruhusa hiyo ina somo kubwa: kuondoa harufu mbaya si sawa na kujitia manukato. Katika baadhi ya familia zetu mjane huambiwa asioge kwa sabuni, au asiingie jikoni kwa sababu ya viungo, na huzuni yake ikaongezewa dhiki ambayo sharia haikuiweka. Chai ya mdalasini kwake si twiib. Sabuni iliyotiwa manukato wanazuoni wamehitilafiana, na ile isiyo na manukato inapatikana madukani. Mwenye jambo mahususi amuulize sheikh anayemwamini.

Dada zetu wanaokwenda msikitini wazingatie neno hilo hilo. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, mwanamke anayekwenda kuswali msikitini ameambiwa asiguse twiib. Hakuambiwa aje na jasho la kutwa nzima. Kuoga na kufua ni katika twahara, na twahara haijakatazwa kwa yeyote.

Raihani, kafuri na buhuri

*Raihani* ni mmea wenye harufu nzuri, ndugu wa *riih* kwa mzizi. Umetajwa katika Suratur-Rahman aya ya 12, na tena katika Suratul-Waqi'a aya ya 89 kama malipo ya waliokurubishwa. Mtume (S.A.W.) ameelekeza kuwa atakayepewa raihani asiirudishe, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Muslim. Katika riwaya ya Abu Dawud neno lililokuja ni *twiib*. Riwaya mbili zikiwekwa pamoja tunaona raihani ni aina na twiib ni jina la jumla.

*Kafuri* imetajwa katika Suratul-Insan aya ya 5 kama mchanganyiko wa kinywaji cha watu wema Peponi. Duniani tunaijua zaidi kwenye kuosha maiti, kwani Mtume (S.A.W.) aliwaagiza waliomwosha binti yake waitie katika josho la mwisho. Kiswahili kimelihifadhi fundisho hilo ndani ya jina, maana kafuri tunaiita pia karafuu maiti. Aliyekufa akiwa katika ihramu hatiwi manukato. Sahaba aliyeangushwa na ngamia wake Arafa, Mtume (S.A.W.) aliagiza aoshwe kwa maji na mkunazi na asitiwe manukato, kwa kuwa atafufuliwa akileta talbiya.

*Buhuri* ni ya kufukizwa, na tofauti yake hujitokeza Ramadhani. Kunusa harufu iliyo hewani hakufunguzi, kwa hiyo aliyepita dukani saumu yake ni salama. Moshi wa udi una kiwiliwili kinachoingia kooni, na ndiyo sababu wanazuoni wa Hanafi na Maliki wamesema kuuvuta kwa makusudi kunaharibu saumu. Mwenye kufukiza chumba mchana wa Ramadhani asikiinamie chetezo.

Natni: uvundo wa aina mbili

Kinyume cha hayo ni *natni*, uvundo. Mtume (S.A.W.) amemkataza aliyekula vitunguu au vitunguu saumu vibichi asiusogelee msikiti mpaka harufu iondoke, kwa kuwa Malaika wanaudhika na kinachowaudhi wanadamu. Soksi za siku tatu katika msala wa bweni zinaingia katika sababu hiyo hiyo.

Lakini neno hili limetumika pia pasipo na kitu cha kunusa. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) kwa Bukhari na Muslim, Muhajir mmoja na Ansari mmoja waligombana safarini, na kila mmoja akawaita watu wa upande wake. Mtume (S.A.W.) akauita mwito huo wa kijahiliya, na akaamrisha uachwe kwa kuwa ni *muntina*, unanuka. "Muhajirina" na "Ansari" ni majina ya heshima yaliyomo ndani ya Qur'an, lakini yalipotumiwa kuita watu kwenye ugomvi yalitoa uvundo. Sisi wa Maziwa Makuu tunajua mwito wa namna hii umefanya nini katika nchi zetu. Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ukikaribia, anayenong'ona "huyu si wa kwetu" ajue neno ambalo Mtume (S.A.W.) amelichagua kwa kauli yake, hata kama amejipaka miski kutoka kichwani hadi miguuni.

Na upande wa pili, harufu ya kinywa cha aliyefunga, iitwayo *khuluf*, kwetu haipendezi. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa mbele ya Allah ni nzuri kuliko *riih* ya miski. Pua zetu si mizani ya mwisho.

'Arf: harufu ya Pepo

Neno la mwisho ni *'arf*, ambalo ni adimu na linamgusa mwanafunzi kuliko yote. Ni harufu nzuri inayokujulisha kitu kabla hujakiona, nalo ni jamaa wa *ma'rifa*, ujuzi. Katika Suratu Muhammad aya ya 6 Allah (S.W.) anataja Pepo aliyowajulisha waja wake kwa kitenzi cha mzizi huo, na baadhi ya wafasiri wamekifahamu kwa maana ya kuitia harufu nzuri.

Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba mwenye kujifunza elimu ambayo hutafutwa kwa ajili ya radhi za Allah, naye hajifunzi ila apate kitu cha dunia, hatapata *'arf* ya Pepo Siku ya Kiyama. Mpokezi akaongeza ufafanuzi kuwa maana yake ni *riih* yake. Tazameni adabu ya wapokezi wetu: walilihifadhi neno kama lilivyosemwa, kisha wakalieleza pembeni.

Onyo hili halimkatazi anayesomea uhandisi kutafuta kazi. Linazungumzia elimu ya dini inayogeuzwa bidhaa, na sisi wa kitivo cha masomo ya Kiislamu ndio wa kwanza kulisikiliza. Tunasoma bab ya twiib, tunafanya mtihani, tunapata alama. Yule asiyeipata *'arf* hakunyimwa kwa uchache wa alama.

Kwa muhtasari

*Riih* ni harufu yoyote. *Twiib* ni manukato yanayotiwa kwa makusudi, na ndiyo yenye hukumu za ihramu na eda. *Raihani*, *kafuri* na *buhuri* ni aina, kila moja na mahali pake. *Natni* ni uvundo wa mwili au wa kauli. *'Arf* ni harufu inayojulisha. Ukikutana na neno "harufu" katika tafsiri ya Kiswahili, rejea asili uone ni lipi kati ya haya kabla ya kumhalalishia au kumharamishia mtu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusafishie nia zetu katika elimu, atutakasie ndimi zetu na uvundo wa ukabila, na asitunyime harufu ya Pepo yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.