Kutaja Hisia kwa Kiingereza

Katika insha na barua, mtahiniwa hutakiwa mara nyingi kueleza alivyojisikia. Wengi huishia kwenye "happy" na "sad", au hutafsiri Kiswahili neno kwa neno. Zingatia mambo manne yafuatayo.

1. Usitafsiri kitenzi
Kwa Kiswahili tunaona aibu, tunasikia hasira na tuna hofu. Kwa Kiingereza tumia "be" au "feel", kisha kivumishi.
Naona aibu: I am ashamed. Usiandike: I see shame.
Nasikia hasira: I am angry. Usiandike: I hear anger.

2. Tofautisha -ed na -ing
Kivumishi chenye -ed humhusu anayehisi. Chenye -ing huhusu kinacholeta hisia. Tuseme Coastal Union wamefungwa na African Sports pale Mkwakwani:
The result was disappointing.
The Coastal Union fans were disappointed.
Ukiandika "I am boring", umesema kwamba wewe ndiye unayewachosha wenzako!

3. Pima uzito wa hisia
Maneno haya yanaanzia hisia ndogo kwenda kubwa.
Hasira: annoyed, angry, furious
Furaha: pleased, happy, overjoyed
Hofu: worried, afraid, terrified
Kivuko cha Pangani kikichelewa kidogo, abiria ni "annoyed". Wavuvi wasiporudi usiku wa dhoruba, ndugu zao walioko ufukweni ni "worried", na kadiri saa zinavyopita huwa "terrified". Mashua ikionekana, wote wazima, ndugu ni "relieved", yaani wameshusha pumzi. Ukiandika "happy" hapo, msomaji hatajua kwamba walikesha kwa wasiwasi.

4. Angalia "pole"
Kwa mfiwa andika: I am sorry for your loss. Lakini "pole na kazi" haina neno lake la Kiingereza. Usiandike: Sorry for work.

Zoezi
(a) Kamilisha kwa "frightened" au "frightening": The storm was ____.
(b) Tafsiri: Naona aibu kwa sababu nilimdanganya mama.
(c) Mdogo wako alipotea sokoni Ngamiani, akapatikana jioni. Andika sentensi mbili: hisia kabla ya kupatikana na hisia baadaye.

Majibu
(a) frightening
(b) I am ashamed because I lied to my mother.
(c) Mfano: We were terrified when we could not find him. We were relieved when he was found.