FILAMU KAMA USHAHIDI: FUNZO KUTOKA NUREMBERG HADI HOLA

Wengi wetu tukisikia neno "filamu" twafikiria mapigano na mapenzi tu. Katika makala hii nataka tujifunze vile filamu inavyoweza kusimama kortini kama shahidi.

Mwaka 1945 majeshi ya Marekani na Uingereza yalipoingia kambi za Wanazi huko Ujerumani, kama Buchenwald na Bergen-Belsen, yalikuta maiti zimerundikwa na walio hai wamebaki mifupa. Wapiga picha wa jeshi wakayanasa yote. Tarehe 29 Novemba 1945 filamu ya muda wa saa moja hivi ikaonyeshwa katika mahakama ya Nuremberg, wakubwa wa Kinazi wakiwa kizimbani.

Mtu atauliza: kwani picha haziwezi kutungwa? Swali zuri. Kwanza, fundi wa filamu alikagua kama futi 80,000 za mkanda, ambazo kati yake zilitumika futi 6,000 hivi, akaapa kwamba picha hazikubadilishwa. Pili, katika filamu nyingine ya Waingereza, Alfred Hitchcock alishauri kamera izunguke polepole bila kukatwa, ili maiti na Wajerumani walioletwa kuzitazama waonekane katika picha moja. Kwa hivyo picha peke yake haitoshi. Yataka mtu wa kuisimamia.

Sasa turudi kwetu. Ukishika barabara ya Kisauni, upite Malindi na Garsen, utafika Hola. Hapo palikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na askari magereza hadi kufa kwa kukataa kazi. Serikali ya kikoloni ikatangaza ati walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kilichoiumbua si filamu, ni miili yenyewe, kwani madaktari walipoichunguza walikuta alama za kipigo.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Lakini njia ya haki ilikuwa ndefu. Mafaili yaliyofichwa Uingereza yalijulikana mwaka 2011, na mwaka 2013 serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa enzi ile. Hesabu mwenyewe: miaka 54 tangu Hola. Wangapi walikuwa wamekwisha kufa?

Hata karibu nasi, Arusha, picha alizopiga Nick Hughes mjini Kigali mwezi wa Aprili 1994 zilitumika katika mahakama ya mauaji ya Rwanda.

Wenzangu, leo simu nyingi zina kamera. Ukiona dhuluma, au mzee akikubali kusimulia aliyoyapitia, rekodi bila kukatakata. Andika tarehe, mahali na jina lako. Hapo ndipo picha yako itakuwa shahidi, si mchezo.